Kabla Hujabadili Saizi ya Matairi ya Lori

Kichwa cha lori kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Ulaya mara nyingi huja kimevaa matairi ya 315/70R22.5. Yakishachakaa, mwenye gari huenda dukani na kurudi na 315/80R22.5, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana kila mahali na ndiyo madereva wanayoyaamini kwenye barabara zenye mashimo. Rimu ni ileile, nati zinakaa, fundi anapokea pesa yake na gari linaondoka. Hakuna aliyegusa injini, gia boksi wala difu. Hata hivyo gari hilo limebadilishiwa gia zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na ya kurudi nyuma pia. Mwenyewe huenda asijue mpaka dereva alalamike kuwa gari limekuwa zito, au mpaka hesabu ya mafuta ikatae.

Jambo lenyewe linapimika kwa kalamu na karatasi, na kila mwenye lori anapaswa kulipima kabla ya kulipa dukani.

Tuanze na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Katika 315/80R22.5, 315 ni upana wa tairi kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo: asilimia 80 ya 315 ni milimita 252. R ni radiali. 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 571.5. Kipenyo cha tairi zima ni rimu pamoja na mbavu mbili, wa juu na wa chini: 571.5 jumlisha 252 jumlisha 252, unapata milimita 1,075.5. Fanya hivyo kwa 315/70R22.5 na kila ubavu utakuwa milimita 220.5, jumla 1,012.5. Matairi haya mawili yana upana mmoja na rimu moja, lakini moja limelizidi jingine kwa milimita 63, zaidi kidogo ya asilimia 6.

Kinachohusu mizunguko ya injini ni kipenyo hicho, si upana. Wengi hukosea hapa. Tairi la 385/65R22.5 ni pana kiasi cha kutisha ukilisimamisha kando ya 315/80, lakini piga hesabu: asilimia 65 ya 385 ni milimita 250, na kipenyo chake kinakuja 1,072. Ni kama sawa kabisa na 315/80. Kwa upande mwingine, tairi la zamani la tyubu la 12.00R20, ambalo bado linavaliwa na tipa nyingi, lina rimu ndogo ya inchi 20, na mtu angedhani ni tairi dogo. Kipenyo chake hufika takribani milimita 1,125. Kwa hiyo anayetoka kwenye 12.00R20 kwenda 315/80R22.5 ili aachane na taabu ya tyubu ameshuka kwa zaidi ya asilimia 4, hata kama rimu imekua. Mwenye 11.00R20 akitaka kubaki karibu na kimo kilekile, tairi lisilo na tyubu linalolingana nalo ni 12R22.5, na la kulingana na 10.00R20 ni 11R22.5.

Sasa tuunganishe tairi na injini. Lori likitembea kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha malori kwenye barabara kuu Tanzania na Kenya, linakata mita 1,333 kila dakika. Tairi likizunguka mara moja, gari husogea umbali ulio sawa na mzingo wake. Kwa kuwa tairi lenye mzigo hubonyea chini kidogo, mzingo halisi wa barabarani ni mdogo kuliko ule wa hesabu za shule: kwa radiali, zidisha kipenyo kwa 3.05 badala ya 3.14 na utakuwa karibu na ukweli. Tairi la 315/80 basi husogeza gari mita 3.28 kwa mzunguko mmoja, na la 315/70 mita 3.09. Gawanya 1,333 kwa 3.28: gurudumu linazunguka mara 406 kwa dakika. Kwa 315/70 ni mara 432.

Kutoka kwenye gurudumu kurudi kwenye injini kuna difu na gia boksi. Tuseme difu ni 3.42, na gia ya juu ni ya moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini. Mara 406 zidisha 3.42 ni mizunguko 1,390 ya injini. Ukivaa 315/70 katika gari hilohilo, mwendo uleule na gia ileile, mshale unasimama karibu na 1,475. Ukivaa 12.00R20, unashuka hadi 1,330 hivi. Kama gia boksi yako ina gia ya juu yenye uwiano wa 0.8, zidisha majibu yote kwa 0.8.

Kumbuka kanuni hii, inatosha hata ukisahau mengine yote: kipenyo kikiongezeka kwa asilimia fulani, mizunguko ya injini katika mwendo uleule hupungua kwa karibu asilimia hiyohiyo, kikipungua, mizunguko hupanda.

Je, kupungua kwa mizunguko ni heri au shari? Jibu linategemea mshale wako ulikuwa wapi kabla, na hapa ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha. Husemwa kuwa injini ikizunguka polepole inakula mafuta kidogo. Ni kweli kwa kiasi. Lakini kusukuma tani zilezile kwa kilomita 80 kwa saa kunahitaji nguvu ileile, uvae tairi lolote. Injini ikizunguka mara chache zaidi, lazima kila mzunguko ubebe kazi kubwa zaidi. Injini kubwa ya dizeli ya siku hizi imeundwa kuibeba kazi hiyo katika eneo maalumu, lile lililochorwa kijani kwenye dashibodi. Injini ya Scania ya lita 13 yenye nguvu za farasi 440, kwa mfano, hutoa msokoto wake mkubwa kabisa, Nm 2,300, kati ya mizunguko 1,000 na 1,300. Chini ya hapo msokoto huporomoka haraka.

Sasa rudi kwa kichwa chetu kutoka Ulaya. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa kwa barabara tambarare za mwendo wa kilomita 85 hadi 90 kwa saa, hivyo yalipewa difu nyepesi kama 2.59. Likiwa na 315/70 na gia ya juu ya moja kwa moja, kwa kilomita 80 injini inazunguka mara 1,118. Bado iko kijani. Vaa 315/80 na mshale unashuka hadi 1,053. Umebaki na mizunguko kama 50 tu kabla ya kufika ukingoni. Barabara ikiinuka kidogo, mwendo ukashuka hadi kilomita 75, injini iko chini ya 1,000 na inaanza kutetemesha kabati. Dereva wa gia za mkono atapangua gia kila baada ya dakika chache. Gia za otomatiki zitajipangua zenyewe, na mafuta uliyotarajia kuyaokoa yatakwenda katika kupandisha na kushusha huko. Dereva mvivu hatapangua. Atakanyaga mafuta mpaka chini na kuiacha injini ikabwe kwenye mizunguko 900, na hapo ndipo joto la moshi hupanda na mitetemo kupiga klachi, propela na difu. Uharibifu huo hauonekani siku hiyo, ila unajumlishwa.

Gari lenye difu nzito ni habari tofauti kabisa. Tipa iliyojengwa kwa ajili ya machimbo, ikipelekwa safari ndefu ya lami, huenda inazunguka 1,900 kwa kilomita 80 ikiwa na 12.00R20. Ukiivua na kuivisha 315/80 inapanda hadi karibu 1,990: kelele nyingi, mafuta mengi, injini inayochoka bila sababu. Mwenye tipa kama hiyo angefaidika na tairi kubwa, na amejipa dogo. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu "vaa hili" bila kujua difu yake.

Na utaijuaje difu? Angalia kwanza kibati kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma au kwenye karatasi za gari. Kama kimeshafutika na fundi anaifungua difu kwa kazi nyingine, mwombe ahesabu meno: krauni yenye meno 41 na pinioni yenye 12 ni 3.42, 37 kwa 9 ni 4.11. Kama hakuna anayefungua chochote, tumia barabara. Tafuta kipande tambarare kisicho na msongamano, endesha kwa kilomita 80 zinazosomwa na simu kwa GPS badala ya dashibodi, gia ya juu kabisa, na msaidizi wako ndiye asome mshale wa mizunguko, si wewe. Zidisha mizunguko hiyo kwa mzingo wa tairi, kisha gawanya kwa 1,333. Ukisoma 1,400 na tairi ni 315/80, unapata 3.44: huo ndio uwiano wa difu na gia ya juu kwa pamoja, na kwa hesabu hii huhitaji kuvitenganisha.

Mzingo nao usiutegemee kwenye hesabu tu, kwa sababu matairi ya watengenezaji tofauti yenye maandishi yaleyale hutofautiana kwa milimita kadhaa. Piga chaki ubavuni mwa tairi na alama ya pili chini kwenye lami, gari likiwa na mzigo wake. Lisogeze taratibu tairi lizunguke mara kumi kamili, piga alama nyingine, pima kwa futi kamba, gawanya kwa kumi. Kazi ya robo saa, na unapata namba isiyobishaniwa.

Kashata zikiisha, kipenyo pia hupungua. Tairi la nyuma la kuvuta huanza na kashata zenye kina cha karibu milimita 20. Likifika milimita 4, kipenyo kimepungua kwa milimita 32, asilimia 3 nzima. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikizunguka 1,390 matairi yakiwa mapya itakuwa karibu na 1,430 yakikaribia kipara, na dereva mwangalifu ataona mshale umepanda bila kuambiwa. Upepo, kinyume na wanavyoamini wengi, haubadilishi kitu cha maana hapa: mkanda wa chuma ndani ya radiali huuzuia mzingo usinyooke wala kusinyaa sana. Usijaze upepo kupita kiasi ukitarajia kushusha mizunguko. Na usiache upepo upungue, kwa sababu joto litalipasua tairi zamani kabla hujafikiria mizunguko.

Mlima unahitaji kuzungumziwa peke yake. Anayepita barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ana Kitonga. Anayetoka Nakuru kwenda Eldoret ana Salgaa. Tairi kubwa hupunguza nguvu ya kuvuta katika kila gia, kwa sababu msokoto uleule wa ekseli sasa unasukuma barabara kwa mkono mrefu zaidi. Kutoka 315/70 kwenda 315/80 unapoteza karibu asilimia 6. Kwa lori lenye jumla ya tani 56, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ni kama kupandisha Kitonga ukiwa na tani tatu na nusu za ziada ambazo hakuna mteja aliyezilipia. Gari lenye gia 12 au 16 halitakwama kwa hilo, maana hatua moja kati ya gia na gia ni asilimia 20 hadi 30. Litapanda kwa gia ya chini zaidi, polepole zaidi, na kuanza kuondoka ukiwa umesimama mlimani kutaiumiza klachi kuliko zamani.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu. Breki ileile, yenye ngoma ileile na chemba ileile, sasa inalizuia gurudumu refu zaidi, kwa hiyo nguvu inayofika barabarani imepungua kwa asilimia hiyohiyo 6. Breki ya injini nayo imedhoofika mara mbili: injini inazunguka polepole zaidi katika gia ileile, na breki ya injini hutegemea mizunguko, halafu hicho kidogo kinachopatikana kinapita kwenye tairi kubwa zaidi. Dereva aliyezoea kushuka mlima fulani kwa gia fulani atajikuta anaikanyaga breki ya mguu mara nyingi zaidi bila kuelewa kwa nini, na ngoma zinapata moto. Ukimbadilishia dereva saizi ya tairi, mwambie kwa mdomo wako, kabla ya safari: kuanzia leo, shuka gia moja chini ya ile uliyoizoea. Maneno hayo hayagharimu chochote, na yanaweza kuokoa watu walio chini ya mlima wasiohusika kabisa na matairi yako.

Kisha kuna dashibodi. Spidomita haijui umevaa tairi gani. Inahesabu mizunguko na kuzidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Gari lililopimwa kwa 315/70 likivaa 315/80, dereva akiona 80 anatembea 85. Tochi ya trafiki itasoma 85, na dereva ataapa kwa imani kamili kuwa hakuzidisha. Kifaa cha kuzuia mwendo nacho kinadanganyika vivyo hivyo.

Kilomita zinazohesabiwa hupungua, na kutokana na hilo nimeona uhusiano wa watu ukivunjika. Chukua safari ya kilomita 900 halisi. Lori limekula lita 450, kilomita 2 kwa lita. Baada ya kuvaa tairi kubwa, dashibodi inaandika kilomita 847 kwa safari ileile. Mwenye gari anagawanya kwa lita 450 na kupata 1.88. Anaona mafuta yamepotea. Hatilii shaka tairi, anamshuku dereva kuwa amenyonya mafuta njiani. Dereva ambaye hakuchukua hata kikombe kimoja anakatwa mshahara au anafukuzwa. Tafadhali, wewe mwenye gari: kabla hujamwita mtu mwizi, linganisha kilomita za dashibodi na za kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye gari, au na vibao vya umbali kando ya barabara. Tofauti ikiwa ni asilimia ileile ya vipenyo vya matairi, mafuta hayakuibwa. Kumbuka pia kwamba huduma ya kubadilisha oili inachelewa: dashibodi ikisema 20,000, injini imekwenda zaidi ya 21,000.

Dawa yake ipo na si ghali: fundi mwenye kompyuta ya gari anaweza kuingiza saizi mpya ya tairi ili spidomita na kilomita zirudi kwenye ukweli. Hilo lifanyike siku ileile ya kufunga matairi. Lakini kompyuta hairudishi nguvu ya mlima wala ya breki. Anayetaka kubaki na tairi kubwa na kurudisha tabia ya zamani ya gari anahitaji difu yenye namba kubwa zaidi kwa asilimia ileile; aliye na 2.59 atafute iliyo karibu na 2.75. Ni gharama ya kweli, na kwa lori linalokwenda Kongo kila mwezi kuchukua shaba inaweza kujilipa. Kwa lori la mizigo myepesi ya tambarare, sidhani.

Wenye Canter na magari mengine madogo wasidhani haya hayawahusu. Kutoka 7.50R16 kwenda 8.25R16, kama wengi wafanyavyo ili gari liinuke na libebe zaidi, ni ongezeko la kipenyo la karibu asilimia 7, kubwa kuliko la mfano wetu wowote wa juu. Injini ndogo haina msokoto wa akiba wa kulipia badiliko hilo.

Hesabu ya mizunguko isikufanye usahau mzigo. Ubavuni kuna pia namba kama 156/150L: ya kwanza ni uwezo wa tairi likiwa peke yake, kilo 4,000; ya pili ni likiwa pacha, kilo 3,350 kila moja; L ni mwendo wa mwisho, kilomita 120 kwa saa. Ukishuka hadi 295/80R22.5 yenye 152/148, umeshuka hadi kilo 3,550 na 3,150. Tairi linaloipa injini mizunguko mizuri na kushindwa kubeba ekseli halikufai.

Na usichanganye. Matairi pacha yanayokaa ubavu kwa ubavu yasitofautiane kipenyo kwa zaidi ya milimita 12 hivi, maana lililo kubwa hubeba sehemu kubwa ya mzigo na dogo huburutwa. Kwenye gari la difu mbili, tofauti ikiwa kati ya ekseli na ekseli, difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika kutoka Dar mpaka mpakani, na ukifunga loki kwenye lami kavu kitu kitavunjika. Kwa hiyo ukibadili saizi, badili magurudumu yote ya kuvuta siku moja, na ununue la spea pamoja nayo. Kabla ya kuondoka gereji, pindisha usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama tairi la mbele linagusa madigadi au bomba la breki, kisha unganisha tela utazame kama limeinua pua: kutoka 70 kwenda 80, kichwa kimepanda milimita 31, na tela lililobaki na matairi yake ya zamani litasukuma uzito wake nyuma, kwenye ekseli ambazo mizani itazipima moja moja.